Mpigaji Yumo Ndani ya Faili

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu maprodyuza na ma-DJ, hamjambo. Asanteni kwa kuziacha spika zenu na kuja kukaa kwenye viti vya plastiki mchana huu wa joto.

Nimeombwa nizungumzie maktaba za sampuli za disko ya zamani, yaani vipande vya muziki vilivyorekodiwa tayari, na jinsi ya kuzitumia katika hausi, muziki wa klabu, ya leo. Nitazungumza, na kompyuta nimekuja nayo. Ila kwanza geukeni kidogo mtazame mlangoni. Yule mzee aliyeketi pale, ambaye mfuko wake mweusi mrefu umeegemea ukuta, ni mpiga besi. Amepiga katika bendi za dansi za Dar es Salaam tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nimemwomba aje, na baadaye atapanda hapa mbele. Kwa sasa kumbukeni tu kwamba yupo, maana kila nitakachosema leo kinamhusu mtu wa aina yake.

Ninachoamini ni hiki. Ukifungua pakiti ya sampuli ukavuta faili la gita, umemvuta mtu. Yuko mtu aliyeketi, akakaza nyuzi, akapiga baa nne, yaani vifungu vinne vya mapigo manne manne, akirudia na kurudia mpaka zikakaa. Ukimtendea kama mpigaji uliyemwalika studio kwako, wimbo utapumua. Ukimtendea kama rangi ya kupaka ukutani, utapata ukuta uliopakwa rangi, na watu hawachezi na ukuta.

Nianzie Chicago, kwa sababu hausi ilizaliwa huko, mikononi mwa watu waliokataa kuiacha disko ife. Mwaka 1977 DJ Frankie Knuckles alitoka New York akaenda kupiga muziki kwenye klabu iliyoitwa Warehouse, na jina la hausi limetoka kwenye jina la klabu hiyo. Waliojaa mle walikuwa hasa vijana weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu ambao hawakuwa na sehemu nyingi za kucheza kwa amani. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Julai 1979, katika mji huohuo, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaita watu waje na santuri za disko kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park ili zilipuliwe kati ya mechi mbili. Zikalipuliwa kweli. Maelfu wakavamia uwanja, na timu ya wenyeji, White Sox, wakapoteza mechi ya pili bila kuicheza.

Baada ya hapo kampuni kubwa za muziki zilianza kuikimbia disko. Fedha za kukodi violini ishirini na safu ya tarumbeta zikakauka. Sasa wewe ni DJ, una ukumbi umejaa, na nyimbo mpya za aina unayoipenda haziji tena. Utafanya nini? Knuckles na wenzake walizirefusha zile za zamani. Walikata kanda kwa wembe, wakaunganisha kipande cha ngoma na kipande kilekile cha ngoma, wakaweka mashine ya ngoma chini yake ili kipigo kisilegee. Hausi ya mwanzo ilikuwa disko iliyokatwa na kurefushwa na mtu aliyeipenda. Ndiyo maana huwa nasikitika nikisikia prodyuza anasema ameweka "vionjo vya disko" kwenye hausi yake, kana kwamba mama ni kionjo katika nyumba ya mwanawe.

Na msidhani disko yenyewe ilikuwa ya wenzetu peke yao. Moja ya santuri zilizoiwasha New York ilikuwa ya Manu Dibango wa Kamerun, ile ya mwaka 1972 iitwayo "Soul Makossa". DJ David Mancuso aliipata akawa anaipiga kwenye sherehe zake za The Loft, watu wakaitafuta mjini kote, na mwaka 1973 ikaingia kwenye chati za Marekani. Saksofoni ya mtu wa Douala imo kwenye msingi wa nyumba hii.

Sasa sikilizeni kitu kimoja kwa makini. Nitapiga mdomoni, halafu nitapiga kwenye spika. Dum, tsi, dum, tsi, dum, tsi, dum, tsi. Ile dum ni kiki, ngoma ya mguu, inayopigwa kwenye kila pigo la baa. Ile tsi ni haihati, matoazi mawili yanayofunguka katikati ya pigo na pigo na kufungwa tena. Kila mmoja wenu hapa amechora alama hizo kwenye gridi, ile mistari ya mapigo kwenye kompyuta, bila kufikiri. Lakini kuna mtu aliyezipiga kwa mwili wake kwanza zikageuka kuwa lugha: Earl Young, mpiga dramu wa Philadelphia, aliyerekodi katika studio ya Sigma Sound. Msikilizeni kwenye wimbo wa Harold Melvin & the Blue Notes, "The Love I Lost", wa mwaka 1973. Toazi linafunguka kama mtu anayevuta pumzi. Halifunguki kwa kipimo kimoja hata mara mbili. Kuna mahali linaning'inia kidogo, kuna mahali linafungwa haraka kwa sababu tarumbeta zinakaribia kuingia naye anazipisha.

Hicho ndicho mnachonunua mnaponunua pakiti nzuri ya disko. Mnanunua ile kupisha.

Nimefungua hapa lupu ya gita, kipande cha kuzungushwa kijirudie, kutoka kwenye pakiti moja niliyonunua. Ni ya kisasa, imerekodiwa na wapigaji wa kukodi waliotafuta sauti ya miaka ya sabini. Baa nne, mapigo 118 kwa dakika. Mpigaji anakwangua nyuzi mara kumi na sita kwa kila baa, juu chini, juu chini, mkono wa kulia haupumziki. Mkono wa kushoto ndio unaoamua nini kisikike: ukikandamiza, unasikia noti, na ukilegeza, unasikia chakachaka tu ya nyuzi zilizozibwa. Nimeongeza sauti ili msikie hiyo chakachaka. Hapa. Na hapa tena. Prodyuza mwenye haraka ataiona kama uchafu, ataitoa kwa programu ya kusafisha. Akiitoa, amemkata mpigaji mkono.

Mimi wimbo wangu unakwenda 124. Nikiiachia programu iinyooshe lupu yote, itafika 124, lakini mtasikia ncha za noti zimelainika, kama picha iliyokuzwa kupita kiasi. Nikiiharakisha kama santuri, ncha zinabaki kali, ila sauti inapanda karibu nusu toni nzima, kwa hiyo nitalazimika kuandika besi yangu kwenye ufunguo huo mpya. Mara nyingi nachagua hii ya pili. Namfuata mpigaji alipokwenda, namwachia yeye aamue ufunguo. Nisipotaka hivyo, naikata lupu kwenye kila mkwanguo, napata vipande kama sitini, navipanga upya kwa mkono.

Na hapo kwenye kupanga ndipo vijana wengi mnapoharibu. Mnakata vizuri, halafu mnabonyeza kitufe cha kunyoosha na kila kipande kinaruka kwenye mstari wa gridi. Tazameni hesabu. Kwenye mapigo 124, kila sehemu ya kumi na sita ya baa ni milisekunde 121. Gita hili, nimelipima, linachelewa kama milisekunde 15 kwenye pigo la pili na la nne. Hiyo ni sehemu ya nane ya nafasi nzima. Ni nyingi! Huko kuchelewa ndiko kunakofanya mabega ya msikilizaji yarudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Mimi naweka kiki kwenye mstari, kavu, kama mashine ilivyo, halafu gita naliacha lilipo. Mashine inasimama, mtu anayumba karibu nayo. Ukiuliza hausi ni nini kwa sentensi moja, nitakupa hiyo.

Besi ya ndani ya lupu iondoeni. Pakiti nyingi zina lupu za bendi nzima, na chini yake kuna besi na kiki ya dramu halisi. Mkiweka kiki yenu ya 909, ile mashine ya ngoma, juu yake, vitu viwili vinagombania chumba kimoja na spika inaunguruma bila kusema kitu. Mimi nakata sauti nzito za chini ya hezi 150, wakati mwingine hata 200, halafu naweka kompresa, kifaa cha kubana sauti, inayoisikiliza kiki, ili kila kiki ikipiga lupu iiname na kuinuka.

Kosa lingine ni kulundika. Kijana ana violini za pakiti moja, tarumbeta za pakiti ya pili, gita la tatu, mwimbaji wa nne. Kila mmoja alirekodiwa kwenye chumba chake, na mwangwi wa chumba hicho umo ndani ya faili. Watu hawa hawajawahi kuonana. Ukiwasikiliza kwa makini unawasikia wamesimama kwenye nyumba nne tofauti. Chagua mmoja awe mwenye nyumba. Wengine wapunguze, wachuje, wapitishe wote kwenye mwangwi mmoja mfupi, au waache kabisa. Mwaka 1998 prodyuza Thomas Bangalter na wenzake wawili, chini ya jina Stardust, walichukua kipande kifupi cha gita kutoka wimbo wa Chaka Khan wa mwaka 1981, "Fate", wakakizungusha wimbo mzima. Gita moja, filta, yaani kichujio cha sauti, inayofunga na kufungua, kiki, besi, na sauti ya mtu. Dunia nzima ilicheza, kwa sababu kile kipande kilikuwa na mtu ndani na wao walimpa nafasi.

Kuhusu sauti ya kale, ule ukwaruzo mnaoutafuta kwa programu tano mfululizo: ulitokana na uhaba. Mashine ya kukatia sampuli ya E-mu SP-1200 ilitoka mwaka 1987 ikiwa na nafasi ya sekunde 10 tu za sampuli, kwa ubora mdogo wa biti 12. Maprodyuza walicheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili kipande kiwe kifupi kiingie, kisha wakakirudisha chini ndani ya mashine. Kikirudi kilikuwa na mikwaruzo na vumbi. Mnaweza kufanya hivyohivyo leo kwenye kompyuta bila kununua chochote: pandisha faili, lirekodi upya kwa ubora mdogo, lishushe. Dakika tatu. Ila lifanyeni kwa sababu wimbo unalihitaji.

Sasa nije kwenye suala la haki, na hapa naomba msimame nami kidogo.

Mwaka 1980 Loleatta Holloway aliimba "Love Sensation" kwa kampuni ya Salsoul. Sauti ile ilitoka kifuani mwa mtu aliyelelewa na nyimbo za injili. Mwaka 1989 kundi la Kiitaliano la Black Box likachukua vipande vya sauti yake, likatoa "Ride on Time", wimbo ukakaa namba moja Uingereza wiki sita. Kwenye video alionekana mwanamitindo akifumbua mdomo. Holloway, ambaye sauti ilikuwa yake, hakuonekana wala hakutajwa. Ilibidi apitie kwa mawakili mpaka kukawa na makubaliano ya malipo.

Halafu kuna Eddie Johns, mzaliwa wa Liberia, aliyerekodi Paris mwaka 1979 wimbo ambao tarumbeta zake ndizo mnazozisikia kwenye "One More Time" ya kundi la Daft Punk. Mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times lilimkuta Los Angeles, mtu aliyepitia miaka ya kukosa makazi, hajapata malipo yoyote kutokana na wimbo ambao nyote hapa mnaweza kuuimba. Huwa namfikiria Eddie Johns kila ninapopakua kitu.

Sheria yenyewe haijanyooka. Mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23 kutoka kwenye rekodi ya Salsoul ulidaiwa kuwamo kwenye "Vogue" ya Madonna, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema ni kidogo mno kuhesabika kuwa ukiukaji. Lakini mwaka 2005 mahakama nyingine ya rufaa ya nchi hiyohiyo ilikuwa imesema kinyume, kwamba rekodi ya mtu huigusi bila leseni hata kipande kifupi. Kwa hiyo yule anayewaambia mtaani kwamba sekunde fulani ni bure, msimsikilize. Wimbo una haki mbili, ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi yenyewe, na ukikata santuri unazigusa zote mbili.

Hapo ndipo maktaba inapokuja kuwa msaada wa kweli. Wapigaji walialikwa wakijua wanapigia nini, wakalipwa, na wewe unapata leseni ya kutumia. Lakini someni leseni hizo. Nitawaeleza yaliyonipata. Niliwahi kutoa wimbo wenye lupu ya violini, niliyoinunua kihalali, nikaiweka mwanzoni peke yake, sekunde nane, bila kuigusa. Baada ya wiki mbili mapato ya video yangu yakaanza kwenda kwa mtu nisiyemjua. Alikuwa amenunua pakiti ileile, ameitumia lupu ileile wazi vilevile, kisha akausajili wimbo wake kwenye mfumo unaotambua sauti kama mali yake pekee. Mashine ikatusikia sote wawili, ikaamini aliyesajili kwanza. Nilihangaika miezi minne. Kilichoniokoa ni risiti na nakala ya leseni, nilizokuwa nimezihifadhi kwenye folda moja na wimbo.

Kwa hiyo hifadhini risiti. Msisajili kama mali yenu pekee wimbo ambao ndani yake kuna lupu ambayo kila mtu anaweza kuinunua. Na pakiti inayokuja kwa bei ya soda, imejaa vipande ambavyo dhahiri vimekatwa kutoka kwenye santuri za watu, huku imeandikwa kubwa kwamba haina mrabaha, iacheni hapohapo. Aliyewauzia hakuwa na cha kuuza.

Ila ulinzi mkubwa kuliko yote ni kuitenda kazi. Lupu ile ya gita niliyowaonyesha, sasa sikilizeni nilivyoitumia kwenye wimbo. Nimechukua mikwanguo tisa tu. Nimeacha kimya pigo la tatu. Chakachaka ya nyuzi zilizozibwa nimeifanya iwe kama kayamba. Mashine haitaitambua, lakini mpigaji mwenyewe angeisikia angejijua, kwa sababu kuchelewa kwake kumebaki. Vijana wa singeli wanalijua jambo hili kuliko sisi wa hausi. Walianza na vipande vya taarab, wakaviharakisha mpaka vikawa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na bado ukisikiliza unamsikia mpiga kinanda yule.

Swali ambalo huwa linaninyima usingizi ni hili: kwa nini tununue kila kitu? Disko ilikuwa muziki wa bendi. Wale wanaotengeneza maktaba hizi wanawakodi wapiga gita na besi wa huko kwao, wanawaambia wapige kama zamani. Sisi mji huu umejaa wapigaji wa dansi ambao vidole vyao vimepiga usiku kucha, Jumamosi kwa Jumamosi, watu wanaojua kubeba ukumbi kwa saa sita. Penye miti hapana wajenzi. Tunapakua besi ya mtu asiyetujua, na mpiga besi anakaa mtaa wa pili akisubiri simu.

Nilipoanza kutengeneza maktaba yangu mwenyewe mwaka jana, mzee huyu alikuja studio mara tatu. Siku ya kwanza nilimpa mlio wa kuhesabu kwenye hedifoni, akapiga vibaya, ameganda. Siku ya pili nikauondoa, nikamwekea kiki na kayamba tu, akaanza kucheka huku anapiga. Tulikubaliana malipo ya siku hiyo na fungu lake kwenye kila wimbo utakaotoka, tukaandika kwenye karatasi, tukasaini wote wawili. Karatasi hiyo iko kwenye folda ileile ya risiti.

Mzee wangu, karibu mbele sasa. Wekeni kiti kile hapa, na yule kijana wa mbele asogeze spika kidogo. Waya huu hapa. Tutakwenda 122, E maina, kiki peke yake kwenye spika. Chukua muda wako. Mimi nabonyeza kitufe cha kurekodi sasa hivi, kabla hujakaza nyuzi, kwa sababu nataka hata huko kukaza nyuzi.